Kuipenda Riwaya na Kuihakiki: Mapenzi ya Kale na Radhi za Wazazi katika Desertion

Katika idara za fasihi mwanafunzi hujifunza mapema kulificha neno "kupenda". Anayeandika tasnifu huruhusiwa kusema kwamba riwaya fulani imefaulu kifani, au kwamba mtunzi amesawiri barabara migongano ya jamii yake. Akiandika kwamba riwaya hiyo alikesha nayo, na kwamba alipoifunga alihuzunika kana kwamba ameagana na jamaa, sentensi hiyo hufutwa. Sababu zake zinafahamika. Uhakiki wa Kiswahili ulikomaa katika miaka ya 1970 na 1980, wakati ambapo kazi ya fasihi iliulizwa kwanza inamtumikia nani. Swali hilo lilikuwa la lazima, na matunda yake bado yanaliwa. Lakini lilizaa mazoea ya kumtazama msomaji aliyependa kama mtu aliyelewa, ambaye ushahidi wake haufai kupokelewa mpaka pombe imtoke.

Mazoea hayo yana gharama, na gharama yenyewe huonekana zaidi katika riwaya za aina moja: zile zinazosimulia ukoo na mapenzi yaliyopita. Mfano mzuri ni Desertion ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya hii ilichapishwa mwaka 2005, kwa Kiingereza. Msomaji wa pwani anayeimaliza bila kuipenda ni nadra. Na anayeweza kueleza kwa nini ameipenda, kwa istilahi alizofundishwa darasani, ni nadra zaidi.

Kisa chake, kikisimuliwa kwa ufupi, hakionekani kuwa na maajabu. Mwaka 1899, katika mji mdogo wa pwani ya Kenya, muuza duka Hassanali anatoka alfajiri kwenda msikitini na kukutana na Mzungu aliyechoka taabani, Martin Pearce. Anamchukua nyumbani kwake. Dada yake, Rehana, mwanamke aliyekwisha kuachwa na mume wa Kihindi aliyesafiri na asirudi, anapendana na mgeni huyo. Wanakwenda kuishi Mombasa, kisha Pearce anarudi kwao. Zaidi ya nusu karne baadaye, huko Unguja, kijana Amin anampenda Jamila, mjukuu wa Rehana. Wazazi wake, Feisal na Nuru, wote walimu, wanapata habari. Wanamtaka aahidi kwamba hatamwona tena mwanamke huyo. Anaahidi, na ahadi anaitimiza.

Mhakiki wa maudhui hapati taabu na kisa kama hiki. Ataorodhesha ukoloni, ubaguzi, nafasi ya mwanamke, mgongano wa vizazi. Kila neno katika orodha hiyo ni sahihi. Hata hivyo, orodha hiyo hiyo ingeweza kuandikwa kuhusu riwaya mbovu, na hapo ndipo ushahidi wa aliyependa unapohitajika.

Kinachomnasa msomaji kwanza ni pengo. Sehemu ya kwanza inasimuliwa kwa utulivu, sura kwa sura, kila moja ikiwa na jina la mhusika. Msomaji anangoja kuonyeshwa jinsi Rehana na Pearce walivyofikiana. Mahali hapo hasa msimulizi anajitokeza kwa "mimi" yake na kukiri kwamba hajui ilikuwaje. Baadaye inadhihirika kwamba msimulizi huyo ni Rashid, mdogo wake Amin, aliyekwenda kusoma Uingereza kabla ya Mapinduzi ya Januari 1964 na kubaki huko. Anasimulia mapenzi ya watu asiowajua ili ayafahamu mapenzi ya kaka yake, ambayo alikuwa karibu nayo lakini hakuyatazama vya kutosha. Wengine wataliita pengo hilo mbinu ya usasa. Lakini kila aliyelelewa katika nyumba ya pwani amekutana nalo kabla ya kujua neno "usasa": ni ile hadithi ya bibi fulani ambayo wakubwa huikatiza mtoto anapoingia chumbani. Ukoo una mambo yake ambayo hayasemwi, na mtoto huyajua kwa umbo la kimya chake. Gurnah amelitia umbo hilo ndani ya usimulizi wenyewe. Msomaji haipendi riwaya licha ya pengo hilo. Anaipenda kwa sababu pengo hilo ni la nyumbani kwao.

Jambo la pili ni zito zaidi. Nuru na Feisal wanafanya dhuluma. Hoja yao dhidi ya Jamila ni kwamba ametalikiwa, kwamba anasemwa vibaya mjini, na kwamba bibi yake aliwahi kukaa na Mzungu bila ndoa. Yaani mjukuu anadaiwa deni la bibi. Haki haiko upande wao. Na bado msomaji hawezi kuwachukia. Hao ni watu waliosoma, waliooana kwa kupendana, wanaowahangaikia watoto wao. Riwaya yenye nia ya kufundisha tu ingewafanya wakatili, na msomaji angelala usingizi mwema. Hapa anakosa usingizi kwa kuwa amewapenda watu wanaomvunja moyo kijana anayempenda vile vile.

Je, Amin ni dhaifu? Mtu anayesoma bila kuwa na neno "radhi" akilini huenda akajibu ndiyo: kijana mzima, mwenye kazi ya ualimu mbele yake, anamwacha mwanamke kwa kuwa mama kalia. Lakini msomaji wa Kiswahili anajua kwamba hapo hakuombwa utii peke yake. Kukosa radhi za wazazi si kugombana nao. Ni kuishi bila kinga, mambo yote yakaharibika mkononi. Amin anabaki na wazazi hao miaka yote, mama akipoteza nuru ya macho, na anayaandika mapenzi yake katika madaftari yanayomfikia Rashid baadaye. Mtu huyo hakuacha kupenda. Alipewa mapenzi mawili na akaambiwa achague, na adhabu yake ni kwamba alichagua kwa moyo safi.

Inasaidia kumweka karibu na Yasmin wa Vuta n'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999, ambayo nayo inaitazama Zanzibar ya kabla ya uhuru. Yasmin anamkimbia mume aliyeozwa, jamaa zake wanamkataa, naye anasonga mbele hadi kwa Denge. Madarasa humfurahia Yasmin kwa haki. Ila furaha hiyo isifanywe kipimo cha kila mhusika. Yasmin analipa gharama ya kuondoka, Amin analipa ya kubaki, na fasihi ya pwani ina hesabu za wote wawili.

Itasemwa kwamba mapenzi hupofusha, na kwamba msomaji wa pwani, hasa aliye ughaibuni, anaweza kuililia Unguja ya zamani huku akisahau dhuluma zake. Hatari hiyo ipo. Dawa yake si kulifuta neno "kupenda" bali kulidai maelezo: umependa nini, ukurasa upi, na kwa nini si ule unaofuata? Mwanafunzi atakayejibu hayo kuhusu Nuru hatakuwa na nafasi ya kuipamba Unguja.

Swali la lugha, kwa upande mwingine, haliepukiki. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya nyingine ya Gurnah, ilitoka mwaka 2022, na imewapa walimu wa Kiswahili sababu ya kumwingiza mtunzi huyu darasani bila kuomba ruhusa ya idara jirani. Desertion ni mtihani mgumu zaidi. Mfasiri wake yeyote, akifika pale wazazi wanapodai ahadi, atakuta Kiingereza kimesema jambo jepesi. Itambidi aamue kama Amin anaahidi tu, kama maneno ya asili yanavyosema, au kama anaomba radhi, kama msomaji wa pwani alivyokwisha kusikia.