Nyota Akiondoka, Tumlaumu Nani?

Nina jambo. Nilikuwa nimemwahidi mhariri shairi la kukisifu Kiswahili, lakini tangu muhula wa kwanza kuna kitu kimenikwama kooni kama mwiba wa samaki, na ukurasa huu ndio mahali pa kukitemea.

Jambo lenyewe ni namba 7. Simtaji jina kwa sababu kila mtu hapa shuleni anamjua, hata wapishi. Mwaka 2024 alitubeba mgongoni hadi nusu fainali ya mpira wa vikapu ya Kajiado Kaskazini, sisi wa shule ya kutwa hapa Nkoroi, ambao uwanja wetu una kikapu kimoja chenye wavu na kingine kisicho nao. Januari 2025 shule zilipofunguliwa hakuonekana. Siku ya tatu tukasikia amechukuliwa na shule fulani ya bweni, huko mbali, ati watamlipia karo yote mradi awachezee. Msimu ulipoanza tulicheza mechi tatu na tukapigwa zote tatu. Ile ya mwisho tulipata pointi 11. Pointi 11, jamani, kwa dakika 40!

Basi maneno yakaanza. Msaliti huyo. Amejiuza. Siku hizi anajiona. Mimi mwenyewe nilikuwa katika kwaya hiyo, tena sauti ya kwanza. Likizo ya Aprili nilimkuta stejini akiteremka kutoka matatu ya Kiserian na begi lake mgongoni. Akaniita kwa jina, nami nikajifanya nasoma bango la fundi wa simu. Nilisoma bango lile mara nne. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: timu ikiondokewa na nyota wake halafu ianguke, wa kulaumiwa hasa ni nani?

Mfano wa kwanza ni wa mbali, lakini ulitokea majuma yale yale tuliyokuwa tukipigwa sisi. Kule Marekani, katika ligi ya NBA, timu mbili hukaa zikabadilishana wachezaji kama watu wanaobadilishana mbuzi mnadani, na mara nyingi mchezaji mwenyewe haulizwi. Mwanzoni mwa Februari 2025 Dallas Mavericks walimtoa Luka Dončić, kijana wa miaka 25 aliyekuwa amewafikisha fainali Juni 2024, wakampeleka Los Angeles Lakers. Nao wakapewa Anthony Davis wa miaka 31, Max Christie, pamoja na nafasi ya kuchagua chipukizi mwaka 2029. Usiache mbachao kwa msala upitao, lakini hawa waliuacha. Davis akaumia katika mechi yake ya kwanza kabisa. Machi, Kyrie Irving naye akakatika kano ya goti. Timu iliyokuwa fainali ikamaliza msimu imeshinda mechi 39 na kushindwa 43, halafu ikatolewa na Memphis hata kabla mtoano wenyewe haujaanza.

Kilichonigusa si hayo, ila siku ya tarehe 9 Aprili. Dončić alirudi Dallas akiwa amevaa jezi ya Lakers, na kaka yangu akanionyesha video kwa simu yake. Mnadhani mashabiki walimzomea? Walisimama wakampigia makofi mpaka akalia pale kwenye benchi mbele ya watu wote. Kisha akaingia uwanjani akawatia pointi 45. Waliyekuwa wakimpigia kelele aondoke ni meneja wao, Nico Harrison, kwa kuwa ndiye aliyefanya biashara ile. Mei mwaka huo bahati ya kura iliwapa nafasi ya kumchagua Cooper Flagg, lakini bahati ya kura si mpango.

Najua mtaniambia, ‘Wewe, Dončić alifukuzwa, namba 7 alienda kwa miguu yake.’ Ni kweli. Ndiyo maana nina mfano wa pili, na huu ni wa nyumbani.

Kwetu hadithi hii husimuliwa karibu kila Jumapili baada ya chakula, kwa kuwa baba ni K'Ogalo wa damu na mjomba ni Ingwe. Mwaka 2015 Gor Mahia walichukua ligi ya Kenya bila kupoteza mechi hata moja, chini ya kocha Frank Nuttall kutoka Uskoti. Katika timu hiyo alikuwemo Michael Olunga, ambaye mashabiki humwita Injinia kwa sababu ya masomo yake ya uhandisi, na katika ligi hiyo alilisukumia gozi wavuni mara 19. Kisha mwanzo wa 2016 akaenda zake Djurgården ya Uswidi. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Nakumbuka tu baba akizima redio kabla mechi haijaisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku za msiba.

Msimu huo wa 2016 ulikuwa mchungu. Mapema tu walitolewa katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika na CNaPS Sport ya Madagascar. Nuttall akaondoka, akaja José Marcelo Ferreira wa Brazil, yule anayeitwa Zé Maria. Mwisho wa mwaka ligi ikaenda kwa Tusker, ambao walibeba na GOtv Shield juu yake, na Gor wakawa wa pili.

‘Olunga angekuwepo,’ baba husema kila mara, ‘hiyo ligi ilikuwa yetu.’

‘Shemeji, wacha bana,’ mjomba humjibu. ‘Na Kagere je? Si naye alienda Albania wakati huo huo? Mlitoa ng'ombe na ndama siku moja, halafu mnashangaa maziwa yameenda wapi!’

Samahani baba (naye ndiye anayenilipia karo, kwa hivyo natumaini hatafika ukurasa huu), lakini hapa namuunga mjomba mkono. Olunga pekee hakuiangusha Gor. Washambuliaji wawili waliondoka kwa pamoja, kisha kocha naye akaondoka msimu ukiwa njiani. Jacques Tuyisenge ndiyo kwanza alikuwa ameletwa kutoka Police ya Rwanda, bado anajifunza majina ya wenzake. Tena tukisema ukweli, kuwa wa pili katika nchi nzima ni kuanguka gani? Sisi na pointi zetu 11 ndio tunaojua kuanguka.

Sasa sikilizeni mambo ya 2018, maana hapa ndipo penye dawa. Kagere alikuwa amerudi Gor mwaka 2017. Juni 2018 Gor waliwapiga Simba wa Dar es Salaam mabao 2 kwa 0 katika fainali ya SportPesa Super Cup kule Nakuru, Kagere akafunga moja na Tuyisenge jingine. Simba hawakukaa kulia. Walimchukua yule yule aliyewapiga! Naye alipofika Tanzania akawa mfungaji bora katika msimu wake wa kwanza, mabao 23. Kwa hesabu ya baba, Gor walipaswa kufa hapo. Hawakufa. Walichukua ligi ya 2018, wakachukua na ya 2018/19, na mwaka 2019 wakafika robo fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika kabla ya kutolewa na RS Berkane ya Morocco.

Klabu ni ile ile, na zote mbili ziliondokewa na mshambuliaji hatari. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba mwaka 2018 Tuyisenge alikuwa ndani ya nyumba tayari. Alikuwa amecheza pembeni ya Kagere, anajua pasi inatoka wapi na inakwenda wapi. Mwaka 2016 waliomfuata Olunga walianza kujifunza siku ile ile ya mtihani.

Haya, turudi uwanjani kwetu penye kikapu kisicho na wavu. Nani alikuwa Tuyisenge wetu? Hakuna. Mwaka 2024 mpango wetu ulikuwa mmoja tu: mpe namba 7, kisha mkimbie. Alipanda na mpira, akatupa, akarudi kulinda, akachukua mpira ulipogonga ubao. Katika ile nusu fainali mimi nilicheza dakika 2 na kushika mpira mara moja, nao niliushika ukiwa umetoka nje. Silalamiki, sikuwa tayari. Lakini ningekuwaje tayari ikiwa hata mazoezini sote tulikuwa tukisimama kumtazama? Tulikuwa watazamaji waliovaa jezi.

Na kuna jambo lingine ambalo hatulisemi. Muhula wa pili wa 2024 namba 7 alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo mara tatu. Mara tatu, na Jumamosi bado alikuja mazoezini kwa miguu kutoka Olekasasi, kwa vile siku ya mazoezi haulizwi mtu risiti. Tulimpigia makofi kama kawaida. Nani alimchangia hata shilingi 50? Mimi sikumchangia. Halafu mtu wa aina hiyo akiahidiwa karo, kitanda na chakula, tunamwita msaliti. Olunga alipoondoka alifika mbali: Uchina, Uhispania, Japani ambako mwaka 2020 alifunga mabao 28 ya ligi, kisha Qatar. Na Juni 2019 Harambee Stars walipoishinda Tanzania 3 kwa 2 kule Misri, mabao mawili yalikuwa yake. Sijasikia baba akisema angebaki. Lake ni kwamba ligi ya 2016 ilimuuma tu.

Hata hivyo siwaachi wale wa shule ya bweni waende hivi hivi. Dallas angalau walipewa Davis, hata kama aliumia. Sisi hatukupewa hata mpira mmoja! Nilipomwambia mwalimu mmoja hivyo alinikemea, akasema mwanafunzi si mbuzi, hauzwi wala habadilishwi. Ni kweli, na sitaki auzwe mtu. Lakini shule kubwa ikija kuvuna shamba ambalo haikulilima, si ingekuwa heshima kuja japo mara moja kwa mwaka kucheza nasi hapa, na kutuletea wavu wa kile kikapu cha pili? Sijui kama kuna sheria ya kuwalazimisha. Adabu haihitaji sheria.

Limebaki jambo la jezi. Namba 7 iko katika kabati la mwalimu wa michezo tangu Januari, na nahodha wetu amesema haivaliwi na mtu, kana kwamba tuna matanga. Ninaomba itolewe. Kuna kijana wa kidato cha pili, mfupi, mweusi wa jua, ambaye hubaki uwanjani jioni akitupa mpira kwenye kile kikapu kisicho na wavu, kwa sababu kile chenye wavu huwa tumekichukua sisi wakubwa. Anakosa sana. Lakini juma lililopita nilimhesabia, akatia 6 katika 10. Jezi itamfika magotini, atachomekea.

Na likizo ya Desemba nitapanda matatu hadi Olekasasi. Nina deni la salamu huko tangu Aprili.