Motokari katika daftari

Sote tumewaona watoto wetu wakati wa mvua: motokari ya mizigo ikinasa matopeni, wao husahau kuchota maji, hukaa wakihesabu magurudumu. Jioni huichora katika daftari ya hesabu, na baba hukasirika. Daftari ni ya hesabu, kweli. Lakini mkono ule tusiuvunje.

Mtoto wa namna hiyo alikuwa Jean Graton, aliyezaliwa Nantes, Ufaransa, mwaka 1923. Baba yake alimpeleka Le Mans kutazama mashindano ya motokari ya saa 24. Alipokua alifanya kwanza kazi katika kiwanda cha meli. Mwaka 1947 akahamia Brussels apate riziki kwa kalamu. Dereva wake wa kubuni, Michel Vaillant, alitokea katika gazeti la watoto la Tintin mwaka 1957. Miaka kumi, wazazi! Tena hakuchora kwa kukisia: alikwenda penye mashindano, akazikagua mashine, hata madereva wa kweli akawatia hadithini kwa majina yao. Mwaka 1982 alianzisha nyumba yake mwenyewe ya kuchapisha vitabu, pamoja na mwanawe Philippe. Alifariki mwaka 2021.

Basi baba mwenye faranga chache amnunulie mtoto daftari ya pili, isiyo na mistari. Kisha amtume kwa fundi, akaulize kila chuma cha injini kinafanya kazi gani, kabla hajakichora.