Asilimia ya Nini?

Katika soko la Konyo Konyo, mjini Juba, mama anayenunua unga kwa kipimo cha malwa hahitaji kufundishwa hesabu. Anajua kwamba kopo lililobonyezwa kitako hupunguza unga, na kwamba muuzaji mwepesi wa maneno aghalabu ni mwepesi wa mkono pia. Hulitazama kopo ndani na nje kabla ya kutoa pesa. Ajabu ni kwamba mama huyohuyo, na mumewe aliye kazini kikosini, wakiisikia tarakimu kubwa redioni au wakiiona kwenye simu, huipokea bila kuitazama kitako.

Uchukuliwe mfumuko wa bei. Mwaka 2016 bei nchini Sudan Kusini zilipanda kwa wastani wa takriban asilimia 380 kuliko mwaka uliotangulia. Mwaka 2017 mfumuko ulikuwa kama asilimia 188, na mwaka 2018 kama asilimia 83. Basi yeyote aliyesema katika miaka hiyo kwamba mfumuko wa bei umeshuka alisema kweli tupu. Lakini askari aliyesikia neno “umeshuka” alirudi nyumbani akitarajia kwamba pesa za matumizi zitabaki, na alipoona hazikubaki, alimtazama mkewe kwa jicho la shaka. Nyumba ngapi ziligombana kwa sababu ya neno hilo moja!

Hesabu yenyewe yaweza kufanywa kwa kijiti juu ya mchanga. Kitu kilichouzwa pauni 100 mwaka 2015, kama kilifuata wastani huo, kilifika pauni 480 mwaka 2016. Ongeza asilimia 188 juu ya hizo 480, kikawa karibu pauni 1,380 mwaka 2017. Ongeza tena 83, kikapita pauni 2,500 mwaka 2018. Tarakimu ya mfumuko ilipungua kila mwaka, na bei ilipanda kila mwaka. Lori lililopunguza mwendo bado linakwenda mbele. Mke hakuiba kitu.

Hali kadhalika nyongeza ya mshahara. Anayepata pauni 1,000 akiongezewa nusu atapata 1,500, naye atashangilia. Ikiwa katika muda huohuo bei za sokoni zimekuwa maradufu, zile 1,500 zitanunua vitu vilivyokuwa vikinunuliwa kwa 750. Kila asilimia inayotajwa yafaa iulizwe: asilimia ya nini, na tangu lini?

Ipo tarakimu nyingine, nzito zaidi, ambayo hutajwa kwa urahisi mno. Mwaka 2018 wataalamu wa London School of Hygiene and Tropical Medicine walikadiria kwamba tangu Desemba 2013 hadi Aprili 2018 vita vya Sudan Kusini vilileta vifo vya ziada kama 382,900. “Vifo vya ziada” maana yake ni vile vilivyozidi idadi ambayo ingetarajiwa kama vita visingekuwapo. Takriban nusu yake, kama 190,000, vilitokana na watu kuuawa. Vilivyobaki vilitokana na maradhi, njaa na kukosa matibabu. Tarakimu hiyo ilipotoka kinywa hata kinywa ikageuka kuwa “watu 400,000 wameuawa”. Mwenye kutaka kisasi huipenda sana sura hiyo ya pili, kwa maana humpa maadui wengi wa kuwadai damu. Na mtoto aliyekufa kwa kuhara porini, mama yake akikimbia, hufutwa katika hesabu na kuandikwa jina la risasi. Kifo chake kilihitaji maji safi na dawa. Anayesoma tarakimu vibaya hatayapeleka hayo.

Hizo ni tarakimu. Habari isiyo na tarakimu huenda kasi zaidi, na Juba yalijua hilo tarehe 8 Julai 2016. Usiku uliotangulia, askari watano wa serikali walikuwa wameuawa kwenye kizuizi cha barabarani huko Gudele, na mji mzima ulikuwa umeshika pumzi. Ijumaa hiyo Rais Salva Kiir na Makamu wa Kwanza wa Rais, Riek Machar, walikuwa pamoja Ikulu, walinzi wao wakiwa nje. Ukaenea katika Facebook ujumbe kwamba Machar amekamatwa. Hakuwa amekamatwa. Viongozi hao wawili walizungumza na waandishi wa habari humo humo Ikulu huku milio ya bunduki ikisikika nje, wakaomba watu watulie, na baadaye Machar akasindikizwa salama hadi kambini kwake. Haingekuwa haki kusema ujumbe ule peke yake ndio ulioleta mapigano; uhasama ulikuwa wa siku nyingi na vidole vilikuwa tayari kwenye vifyatulio. Hata hivyo, mwenye bunduki aliyeambiwa kwamba kiongozi wake yu mikononi mwa adui hangoji uchunguzi. Mapigano yaliendelea hadi tarehe 11, mamia ya watu wakafa.

Jeshi na polisi tangu zamani wana dawa yao. Mlinzi wa zamu anapotoa taarifa huulizwa saa, mahali, na kama aliona mwenyewe au aliambiwa, na ikiwa aliambiwa, ni nani aliyemwambia. Mbele ya hakimu shahidi akisema “watu wanasema”, hunyamazishwa. Lakini polisi huyohuyo akivua sare jioni huweza kumpelekea shemeji yake ujumbe usio na jina la mwandishi, wala tarehe, kwa sababu tu umeandikwa “imethibitishwa”. Imethibitishwa na nani?

Picha nayo yataka kuchunguzwa kama mahali pa tukio. Ikiletwa picha ya maiti barabarani na kuambiwa ni ya Juba leo asubuhi, yatazamwe maandishi ya mbao za maduka, sare za askari, namba za magari. Itazamwe ardhi pia: mwezi Februari Juba ni vumbi na nyasi kavu, mwezi Agosti ni tope na majani mabichi.