Umetisha, Malenga! Sifa Zinavyotuulia Waandishi

Mwaka juzi kijana mmoja wa Bumbire aliniuliza swali ambalo lilinishinda kujibu. Tulikuwa mwaloni, tunasubiri mtumbwi umalize kupakia magunia. Akaniambia, "Kaka, wewe umesoma, na kazi yako ni kuandika. Kwa nini hukuniambia?"

Nilijua anazungumzia nini. Kwa zaidi ya mwaka mzima alikuwa akituma mashairi yake kwenye grupu letu la WhatsApp la wapenzi wa fasihi. Ni mvuvi wa dagaa. Wanaojua kazi hiyo wanajua kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukishakuwa mkubwa dagaa hawakusanyiki kwenye taa, kwa hiyo wavuvi hupumzika siku kadhaa. Wengine hulala, wengine hunywa, wengine huvuka kwenda kuona familia. Huyu alikuwa anaandika. Anaandika kwenye daftari, ananakili kwenye simu kidole kwa kidole, halafu anapanda juu kilimani ambako mtandao unashika, anatuma. Bando kanunua kwa pesa ya mgawo wake.

Na sisi tulimjibu nini? "Umetisha, malenga!" "Kalamu yako haina mpinzani." "Shaaban Robert kafufuka." Vimoto, makofi, mioyo. Shairi la beti kumi linapokelewa kwa sifa kumi na tano ndani ya dakika mbili. Fanya hesabu mwenyewe kama kuna mtu pale aliyesoma. Mimi nilimtumia vimoto vitatu kwa shairi ambalo sikuvuka ubeti wa pili.

Yeye akatuamini. Akakusanya mashairi yake ishirini na mbili, akaenda Bukoba mjini kuyachapisha steshenari, akayatuma kwenye shindano. Hakushinda, na hilo si jambo la kulilia, wengi hawashindi. Kilichomuumiza kilikuja baadaye, alipompelekea mwalimu mmoja mstaafu yale mashairi. Mzee akayasoma yote, akavua miwani, akamuuliza: "Mwanangu, wewe si mtu wa visiwani? Mbona humu mna minazi tu?"

Ni kweli. Minazi, majahazi, karafuu, mawimbi ya bahari. Kijana huyu bahari hajawahi kuiona. Hana kosa, maana mashairi tuliyofundishwa shuleni mengi yalitoka pwani, na sote tulitoka darasani tukidhani kwamba ili shairi liwe shairi lazima liwe na chumvi. Lakini katika beti zote zile hamkuwamo dagaa hata mmoja. Hapakuwa na taa inayoyumba saa nane za usiku, wala tajiri mwenye mtumbwi anayekata deni kabla hajakupa mgawo wako. Mambo anayoyajua yeye kuliko Mtanzania yeyote mwenye digrii ya fasihi, aliyaacha nje ya daftari lake, na hakuna aliyemwambia.

Mimi nililiona hilo tangu shairi la kwanza. Nimezaliwa kisiwa hichohicho, ningeachaje kuliona? Nikatuma vimoto.

Sasa naomba tuzungumze kama watu wazima. Tabia hii tunaiita upendo. Tunaiita kutiana moyo. Mimi nasema ni uvivu uliovaa kanzu. Kusoma shairi la mtu kwa makini kunachukua nusu saa, na kumwambia kilichopungua kunahitaji ujasiri, kwa sababu anaweza kununa, na kesho wewe ukituma lako naye akakulipizia. Kimoto hakina gharama. Kwa hiyo tumefunga mkataba wa kimyakimya: nisifu nikusifu, tusisomane. Grupu zima linakuwa kama harusi ambayo kila mtu anachangia na hakuna anayekumbuka bwana harusi ni nani.

Ajabu ni kwamba watu wa visiwani hatuna tabia hiyo katika jambo lingine lolote. Nenda mwaloni siku ya kununua dagaa. Dagaa waliokaushwa juu ya mchanga na wale waliokaushwa kwenye vichanja, kwa macho ya mgeni ni walewale. Mnunuzi hakubali kwa macho. Anachota, anasugua kiganjani, anatia mdomoni, anatafuna. Mchanga ukilia kwenye meno anasema papo hapo: "Mama, hawa wana mchanga." Bei inashuka. Mama atabisha, atalalamika, pengine atatukana kidogo. Lakini hakuna anayesema mnunuzi yule ana wivu, au amemvunja moyo. Na wapo akina mama waliojenga vichanja kwa sababu walichoka kuambiwa neno hilo. Fikiria mnunuzi ambaye angekuwa anasema "Mama umetisha!" halafu anaondoka bila kununua. Hivyo ndivyo tulivyomfanyia yule kijana mwaka mzima.

Wala si kweli kwamba ukosoaji ni jambo la Kizungu tuliloletewa na vyuo vikuu. Mwaka 1980 Mmarekani mmoja, Peter Seitel, alichapa kitabu cha hadithi simulizi za Wahaya, na jina la kitabu chake kwa Kiingereza, See So That We May See, amelitoa kwenye kiitikio cha wasikilizaji wenyewe. Msimuliaji anapoanza, wasikilizaji wanamwambia aone, ili nao wapate kuona. Litafakari jambo hilo. Bibi zetu hawakumwambia msimuliaji "umetisha." Walimpa kazi kabla hajafika mbali: wewe ndiye macho yetu, tuonyeshe. Kama hakuna unachokiona, sisi tutaonaje? Swali la yule mwalimu mstaafu kuhusu minazi ni dai hilohilo la kale, limevaa miwani tu.

Hata magazetini mambo yalikuwa hivyo. Tangu enzi za Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, wasomaji walituma mashairi yao. Hawa hawakuwa wasanii wa kulipwa, walikuwa makarani, walimu, wakulima. Na desturi ya ushairi wa Kiswahili ni kujibizana: ukitunga, mwenzako anakujibu kwa tungo, anakubishia hoja. Ili umjibu mtu kwa vina vyake ilikubidi kwanza umsome. Leo tuna simu inayofikisha shairi kutoka Bumbire hadi Muscat kwa sekunde moja, na tunajibizana kwa vikatuni.

Najua mtaniambia: bwana, wakosoaji wapo, tena wakali. Ndiyo, wapo, na nao nina ugomvi nao. Kila grupu lina askari wake wa mizani. Huyu hasomi shairi, analihesabu. Nane kwa nane, jumla kumi na sita. Akikuta kumi na tano anapuliza filimbi: "Hili si shairi." Yupo pia mwenzake wa tahajia, ambaye mtu ameandika juu ya kifo cha mama yake, yeye anajibu, "Siyo 'hivo', ni 'hivyo'." Tofauti ya hawa na wapiga makofi ni sauti tu. Wote hawajasoma.

Ugomvi wa mizani tunaujua watu wa ziwa hili, maana mtu aliyeuwasha ni wa kwetu. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwa kingine cha ziwa hilihili, mwaka 1944. Alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina na mizani, washairi wa mapokeo walimjia juu. Ulikuwa ugomvi mkubwa, na haukuwa na adabu kila siku. Lakini angalieni ulivyokwenda. Watu walitoa hoja. Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi walitoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979, wakaeleza ushairi ni nini kwa maoni yao na kuweka tungo zao mezani zipimwe. Waliosimama upande wa mapokeo nao waliandika. Hakuna aliyekufa kwa kukosolewa. Kezilahabi aliendelea kuandika, na sote tuliobaki tumerithi aina mbili za ushairi badala ya moja. Zawadi hiyo isingepatikana kama wenzake wangemtumia vimoto, wala kama wangemwambia tu "hili si shairi" wakaenda kulala.

Sasa nijibu mnayonong'ona.

La kwanza: "Sisi si wataalamu, tutamkosoaje mtu?" Mnunuzi wa dagaa hajasomea samaki chuo kikuu, ana meno. Wewe ni msomaji, una meno. Huhitaji kujua sitiari inaitwaje. Sema tu: hapa nilichoka, hapa nilipotea, hapa nilirudi kusoma mara ya pili kwa sababu palinigusa. Mwandishi anahitaji hayo kuliko anavyohitaji neno "fani."

La pili: "Utamvunja moyo, hasa huyu wa kijijini ambaye hana kitu." Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Maana yake ni kwamba mtu wa Dar es Salaam anastahili kuambiwa ukweli, ila mvuvi wa Bumbire anastahili pipi. Tunamhurumia, na huruma hiyo ni njia ya kusema hatutegemei kitu kikubwa kutoka kwake. Yule kijana hakuvunjwa moyo na swali la mzee. Alivunjwa moyo alipogundua kwamba watu sitini walilikwepa swali hilo mwaka mzima.

La tatu lina uzito, na sitalipuuza. Dada mmoja kwenye grupu letu aliwahi kuweka shairi kuhusu mwili wake, na wanaume watatu wakamfuata inboksi, wawili kwa matusi na mmoja kwa posa. Akaacha kutuma. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mtandaoni "ukweli" mara nyingi ni fimbo ya kuwachapia wanawake, nakubali. Lakini kilichompata dada yule hakikuwa ukosoaji, maana hakuna hata mmoja aliyezungumzia shairi. Na sisi wengine tulimwachia, tukaendelea kutuma vimoto kwa shairi lililofuata. Grupu lenye mazoea ya kuzungumza juu ya kazi lingekuwa na neno la kuwaambia wale watatu. Letu halikuwa nalo.

Mtasema nakuza mambo, ni mashairi tu ya WhatsApp. Basi niwaambie kwa nini sioni kuwa ni madogo. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alifika Bumbire mara mbili. Aprili alipokelewa kwa uhasama, akanyang'anywa makasia, akatoroka. Agosti akarudi na kikosi chenye bunduki, wakawafyatulia risasi watu waliojipanga ufukweni. Haya tunayajua kwa maelezo yake mwenyewe. Barua zake zilichapishwa magazetini London na New York, baadhi ya Waingereza wakamlaani, wengine wakamtetea, na mwaka 1878 akatoa kitabu. Walibishana sana juu yetu. Neno la mtu wa Bumbire halikuwamo. Kisiwa changu kiliingia katika maandishi ya dunia kwa mkono wa mtu aliyekipiga risasi.

Sasa, miaka karibu mia moja na hamsini baadaye, mtu wa Bumbire ana daftari, ana simu, ana kilima chenye mtandao, na ana hamu ya kuandika. Anaandika minazi. Na sisi tuliosoma, tunaojua, tunamwambia umetisha. Hapo mnaona kwa nini nashindwa kucheka?

Sitaki kuondoka bila kupendekeza kitu, kulalamika ni rahisi. Kwenye grupu letu tumeanza jambo dogo, na linakwenda kwa kusuasua. Kazi ikitumwa, hakuna kuijibu siku hiyo. Kesho yake, anayejibu anataja mstari mmoja uliomshika na mahali pamoja alipokwama, na anauliza swali moja. Mwenye kazi hajitetei mpaka wote wamalize. Kinachosemwa kinasemwa mbele ya wote, si inboksi. Wanachama kadhaa wamejitoa, wakasema tumekuwa kama darasa. Sawa. Makofi yako tele kila mahali mtandaoni, hawatakosa.

Yule kijana alikuwa ameshajitoa kabla ya haya yote, ile siku aliyotoka kwa mzee. Simu iliandika kwamba fulani ameondoka, na chini yake mtu mwingine akaweka shairi lake, vimoto vikaendelea. Ilinichukua miezi kumwandikia na kumwomba radhi. Hakujibu. Halafu mwezi uliopita, siku za mbalamwezi, akanitumia shairi moja. Lilikuwa juu ya mvuvi mwenzake anayelala ndani ya mtumbwi huku taa zinawaka. Nililisoma mara tatu, kisha nikamwandikia ujumbe mrefu. Nikamwambia ubeti wa kwanza ni wa mtu mwingine, aufute. Nikamwambia ubeti wa nne sitausahau. Nikamshauri kwamba kwenye ubeti wa pili, badala ya kuandika "taa" tu, aweke karabai, ili tusikie ile sauti yake ya kufoka.

Akanijibu baada ya siku mbili: "Asante kaka, wa kwanza nimefuta. Ila hilo la karabai umekosea. Siku hizi tunatumia taa za betri. Hazina sauti. Ndiyo maana jamaa analala."