Ofisi za Same zihifadhi kompyuta nzima, si mafaili tu

Kompyuta ya ofisi ikigoma kuwaka pale Same mjini, uamuzi hutoka haraka: ipelekwe kwa fundi apige Windows upya. Fundi anaipiga, kompyuta inawaka, na hapo ndipo usumbufu unapoanza. Printa haitambuliwi. Programu ya mahesabu imepotea pamoja na leseni yake. Mhasibu aliyejivunia flashi yake anakuta imebeba barua na majedwali tu. Kama ofisi yenyewe iko Vudee au Chome, kuna pia nauli ya kushuka mlima na kupanda tena.

Hasara hiyo inazuilika kwa nakala kamili ya mfumo, yaani nakala ya diski nzima: sehemu inayoiwasha kompyuta, Windows, programu, draiva, mipangilio na nyaraka zote. Clonezilla, programu ya bure iliyotoka Taiwan, huifanya kazi hiyo ikiwashwa kutoka kwenye flashi, bila intaneti, na kuiweka nakala kwenye diski ya nje. Diski ikifa, inafungwa nyingine isiyo ndogo kuliko ya kwanza, nakala inarudishwa, na kompyuta inaamka ilivyokuwa siku iliponakiliwa. Kazi iliyofanywa baada ya siku hiyo haimo, kwa hiyo nyaraka za kila siku bado zinahitaji kunakiliwa kwenye flashi.

Kutohitaji intaneti si jambo dogo. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikasuasua Tanzania nzima. Wakati kama huo, anayetegemea kupakua Windows yenye gigabaiti kadhaa atasubiri sana.

Hata kampuni kubwa zimewahi kupoteza kompyuta zao kwa mkupuo. Juni 2017 kirusi cha NotPetya kiliivamia Maersk, kampuni ya meli ya Denmark. Ilikuwa na seva zipatazo 150 za kusimamia mtandao wake, zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, na kirusi kikazifuta karibu zote. Ilisalia moja, ofisini Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na seva hiyo ilikuwa nje ya mtandao. Diski yake ilisafirishwa kwa mkono kupitia Nigeria hadi Uingereza, na kutoka humo mtandao ukajengwa upya. Vivyo hivyo, diski ya nakala inayoachwa imechomekwa kwenye kompyuta mchana na usiku itaangamia nayo kirusi kikiingia. Ichomolewe, ikae jengo jingine.

Kinachokosekana zaidi ni mwenye dhamana. Upareni ndiva, yaani mabwawa ya kumwagilia, hujazwa usiku ili mashamba yanyweshwe mchana, na kila mmoja anajua zamu yake. Nakala ya kompyuta nayo inataka zamu: mtu anayejulikana, tarehe inayojulikana, na jaribio la kuirudisha kwenye diski ya akiba, maana nakala isiyowahi kujaribiwa haiaminiki. Kwa shule, likizo za Juni na Desemba zinafaa kabisa.

Diski ya nakala pia hubeba majina ya wanafunzi, wagonjwa na wanachama wa ushirika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawalinda watu hao, kwa hiyo nakala ifungwe kwa nywila na kabati iwe na kufuli. Bajeti ya shule au zahanati inayonunua kompyuta mpya iweke diski ya nje kwenye ankara hiyohiyo, na nakala ya kwanza ichukuliwe kabla fundi hajaondoka.