Mlango ukikataa, useme kwa nini

Wadau, tangu 2017 malipo ya Serikali yalipoanza kupitia GePG, idara inatuma ankara, mfumo unatoa kontro namba ya tarakimu 12, nawe unalipia kwa wakala hapa Same. Mifumo haiaminiani bure, kila ujumbe una saini ya kidijiti. Hapo nawapa tano!

Sasa namba ikikataa? GePG ina namba zake za makosa, ila zikipotelea njiani wakala anaona tu "muamala umeshindikana". Ankara imepitwa na muda? Tarakimu imerukwa? Mama kashuka toka Vudee, nauli kalipa, anapanda na deni lake. Jamani waunganishaji, sababu ifike mpaka kwenye kioo cha wakala, kwa Kiswahili.