Karatasi za Michezo Zisitupwe

Msomaji aliyeko Unguja au Pemba huenda akajiuliza safu hii imekwenda kutafuta nini Chemba. Chemba ni wilaya ya mkoa wa Dodoma, iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, kando ya barabara kuu iendayo Babati. Ni nchi ya ufuta, alizeti, mtama na uwele, na mvua yake ni ya kuombewa. Mpira wa kikapu si jambo la kwanza linalomjia mtu akilini jina hilo likitajwa. Hata hivyo ni huko tulikoonyeshwa, mwezi Julai mwaka 2025, daftari moja ambalo tumeona ni wajibu wetu kulileta mbele ya wananchi wa visiwani na mbele ya maofisa wa serikali zote mbili, kwa kuwa aibu iliyomo ndani yake ni yetu sote.

Daftari lenyewe ni lile kubwa lenye jalada gumu ambalo wenye maduka huandikia madeni. Lilikuwa katika banda la gemu, juu ya meza, pembeni mwa televisheni. Vijana wapatao tisa walikuwa wamelizunguka. Sisi tulidhani wanacheza kama tulivyozoea kuona, vidole vikikimbia na kelele zikipaa. Sivyo. Vijana wale walikuwa wanaendesha ligi ya kubuni ya mpira wa kikapu, kwa kutumia mchezo wa kompyuta uitwao NBA 2K, na mechi hawazichezi wao. Mashine ndiyo inayozicheza peke yake, michezo 82 kwa kila timu, msimu mzima ukaisha kati ya magharibi na isha. Kazi yao ni ile inayofanywa na viongozi wa klabu: kusajili, kuacha, kubadilishana wachezaji, kupanga mishahara, na kisha kutabiri kwa maandishi nani atashika nafasi gani. Utabiri ukishaandikwa haufutwi. Atakayekosea sana huwanunulia wenzake karanga.

Miezi imewasaidia. Ligi kuu ya Marekani humalizika Juni na usajili wake hupamba moto Julai, wakati ambapo kijana wa Chemba ameshavuna na ana nafasi ya kukaa kitako. Mwaka huo habari kubwa ilikuwa ya Kevin Durant kutoka Phoenix kwenda Houston, nao Phoenix wakapewa Jalen Green na Dillon Brooks pamoja na haki za kuchagua wachezaji chipukizi. Kijana aliyekuwa na dhamana ya Houston katika ligi yao alikataa biashara hiyo. Alisema Durant atatimiza miaka 37 kabla msimu haujaanza, na kwamba mtu hanunui ng'ombe kwa maziwa ya mwaka jana. Mwenzake akamjibu kwamba ng'ombe wengine hukamuliwa hadi uzeeni. Wakafungua daftari, wakasoma pointi zake za msimu baada ya msimu, wakatazama mishahara iliyobaki chini ya kikomo cha ligi, ambacho kwa msimu wa 2025/26 kiliwekwa karibu dola milioni 155 kwa timu. Mabishano yalikuwa makali, lakini hakuna aliyesema neno ambalo hakuweza kulionyesha kwa tarakimu. Tumehudhuria mikutano mingi ya klabu za mpira hapa nchini ambayo haikufikia kiwango hicho.

Wapo wazee watakaosema huu ni uvivu, na wengine watasema ni kamari iliyovaa kanzu. Hatukubaliani nao. Hakuna shilingi iliyowekwa mezani pale. Na huo utabiri si wa kupiga ramli. Mashine hupewa uwezo wa kila mchezaji kwa alama zisizozidi 99, katika kutupa, kuzuia, kudaka na kukimbia; kisha hutupa bahati nasibu mara maelfu, na bahati hiyo huelemea upande wa mwenye uwezo bila ya kumhakikishia ushindi. Ndivyo dunia ilivyo. Mwezi Mei mwaka 2025 timu ya Dallas, iliyokuwa imemwachia nyota wake Luka Dončić aende Los Angeles miezi mitatu kabla, ilipata nafasi ya kwanza ya kuchagua chipukizi ilhali bahati yake ilikuwa asilimia 1.8 tu, ikamchukua Cooper Flagg. Sisi wenyewe tuna ushahidi wetu wa zamani. Mwaka 1986 Tukuyu Stars ya Mbeya ilikuwa ndiyo kwanza imepanda daraja, na msimu huohuo ikatwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Anayetabiri kwa hesabu hukosea, lakini hujua amekosea wapi, na mwaka unaofuata hukosea kidogo zaidi.

Sasa tufike kwenye aibu yenyewe.

Mchezo huo wa kompyuta humruhusu mwenye kuuendesha aongeze timu juu ya zile 30 za Marekani. Vijana wakaongeza ya 31, wakaipa jina la Chemba, wakaazimia kuijaza Watanzania. Mchezaji wa kwanza hakuwapa taabu. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1987, alichaguliwa wa pili na Memphis mwaka 2009, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Kila alichokifanya Marekani kimeandikwa: michezo 224, wastani wa pointi 2.2 na mipira 2.7 aliyodaka chini ya goli, kupelekwa ligi ya chini Februari 2010, kuuzwa Houston mwaka 2011, kisha Portland, kisha Oklahoma City. Hesabu hizo si za kujivunia sana na vijana hawakuzipamba. Walimrudisha umri wa miaka 22, wakampa alama alizostahili za kuzuia, wakampunguzia za kufunga, wakampanga katikati.

Mchezaji wa pili ndipo walipokwama. Kila mmoja alikuwa na jina. Huyu alimwona kijana mrefu kwenye mashindano ya UMISSETA. Yule ana binamu jeshini anayecheza vizuri. Mwingine anamkumbuka msichana aliyewatoa jasho wavulana wa shule jirani. Mwenye duka la nguo hapo jirani, ndugu mmoja kutoka Pemba, aliingia kuuliza kelele ni za nini, naye akaja na jina lake: mpwa wake yuko Wete, mgawaji wa mpira, na kwa maelezo yake hakuna mfano wake kisiwani. Daftari likafunguliwa ukurasa mpya. Anafunga pointi ngapi kwa mchezo? Hajui. Anatoa pasi ngapi za kufungia? Hajui. Ana urefu gani? Akainua mkono wake hewani kuonyesha, na vijana wakacheka, naye akacheka pia. Lakini hakuna hata mmoja kati ya wale wenye majina aliyeweza kujaza mstari mmoja wa tarakimu. Wachezaji wa Oklahoma City, mabingwa wa 2025, waliwajua hadi asilimia ya mipira ya adhabu waliyotia. Wa kwao walikuwa wanainuliwa mkono hewani.

Mtu asiseme kwamba hesabu za wachezaji wetu hazipo kwa sababu sisi ni maskini. Mpira wa kikapu ni mchezo ambao kwa kanuni zake hauwezi kuanza bila karatasi. Mezani hukaa karani, na mbele yake iko karatasi rasmi yenye majina ya wachezaji wote, namba zao, faulo zao, na safu ndefu inayoonyesha kila pointi na namba ya jezi ya aliyeifunga. Mwamuzi huitia saini. Huandikwa kwa nakala, moja ya waandaaji, na kila timu hupata yake. Kwa maneno mengine, katika mashindano yoyote yaliyofuata kanuni, hesabu ya pointi imezaliwa ikiwa kamili na yenye saini. Kisha hufa. Tuliwahi kwenda katika ofisi moja, ambayo hatutaitaja kwa kuwa haiko peke yake, kuomba karatasi za mashindano ya miaka miwili tu iliyopita. Tulijibiwa kwa adabu sana kwamba karatasi zilikuwapo, isipokuwa kabati lilihamishwa. Tukauliza kabati lilihamishiwa wapi. Hilo nalo lilikuwa halijulikani.

Madhara yake hayaishii katika banda la gemu. Tazama usajili wenyewe. Mchezaji anayehama bila kumbukumbu huhama kama mzigo usio na hati: bei yake ni ile atakayoitaja anayempokea. Katika soka, ambako angalau mikataba imezoeleka, tuliona jinsi shauri la Feisal Salum, kijana wa Zanzibar, lilivyochukua takriban nusu mwaka, tangu alipotangaza kuondoka Yanga Desemba 2022 hadi alipokwenda Azam Juni 2023, na Rais mwenyewe akalazimika kutia neno. Pande zote mbili zilikuwa na mkataba, tarehe na vielelezo vya kubishania. Je, mchezaji wa kikapu kutoka Wete au Kwa Mtoro, asiye na hata karatasi moja inayosema alifunga pointi 20 siku fulani mbele ya mwamuzi fulani, atasimama mbele ya kamati gani na aseme nini?

Ndugu zetu wa visiwani wana shida ya ziada. Michezo si jambo la Muungano. Bara ina Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na Zanzibar ina baraza lake. Hilo ni jambo la kikatiba na hatuna ugomvi nalo. Lakini kijana anapovuka bahari kwenda Dar es Salaam au Dodoma kucheza, havuki na historia yake. Anaanza upya, akiwa na miaka 19, kama aliyezaliwa bandarini asubuhi ile. Na wa Bara anayekwenda kucheza Unguja hali ni hiyohiyo. Mabaraza mawili yanaweza kubaki mawili na bado madaftari yakasomana.

Ofisa anayesoma safu hii huenda tayari ameshika kalamu kuandika kwamba hakuna fungu. Tunamwomba asubiri. Hatuombi mitambo wala semina. Tunashauri kwamba kila ofisa michezo wa wilaya, Bara na Visiwani, aagizwe kuhifadhi nakala ya kila karatasi ya mchezo uliochezwa katika eneo lake, kwa mwaka na kwa mpangilio wa tarehe, na kwamba mwananchi yeyote aruhusiwe kuisoma. Jalada moja la kuhifadhia na msumari wa kulitundikia vinatosha kwa kuanzia. Simu aliyonayo ofisa mfukoni inaweza kuipiga picha karatasi na kuifikisha kwenye shirikisho kabla wachezaji hawajamaliza kuoga. Karatasi hiyo haionyeshi kila kitu, maana mipira ya kudaka na pasi haimo. Hizo zinahitaji mtu wa pili mezani mwenye penseli, na walimu wastaafu wapendao michezo wamejaa kila tarafa. Majirani wameshatutangulia. Ligi ya Kikapu ya Afrika, iliyoanza Kigali mwaka 2021, hutangaza hesabu za kila mchezaji kwa kila mchezo, naye kijana wa Chemba anaweza kumsoma mchezaji wa Kigali kuliko anavyoweza kumsoma wa Dodoma mjini.

Tunawapongeza pia vijana wale, ingawa hawakuomba pongezi. Tulipowauliza nani aliwafundisha kusoma takwimu, walishangaa swali lenyewe. Mmoja wao alishindwa somo la hisabati kidato cha nne, lakini alitueleza tofauti kati ya wastani na jumla kwa ufasaha ambao tungependa kuusikia katika baadhi ya taarifa zinazosomwa mbele ya mabaraza ya madiwani.

Kabla hatujaondoka tuliomba kuona utabiri wa msimu. Waliipa Oklahoma City ubingwa tena, kwa kura tano dhidi ya nne. Timu ya Chemba waliiandikia ushindi mara 14 katika michezo 82 na nafasi ya mwisho, na hakuna aliyeona haya, kwa kuwa waliijaza kwa wachezaji wa kukisia na mashine ikawahukumu kwa makisio. Ila nafasi ya mgawaji wa mpira hawakuikisia. Mwenye duka alikuwa ameahidi kupiga simu Wete kuuliza. Wiki mbili baadaye tulipopita tena kuelekea Kondoa, jina la mpwa wake lilikuwa limeandikwa kwa wino, na mbele yake safu zote saba zilikuwa tupu.